Marie-Antoine Carême

Marie-Antoine Carême, ambaye mwenyewe alipenda kujiita Antonin Carême (Paris, 8 Juni 1784 – Paris, 12 Januari 1833), alikuwa mpishi, mwokaji wa keki na mwandishi wa vitabu vya upishi nchini Ufaransa. Baadhi ya waandishi hutaja mwaka 1783 kuwa mwaka wa kuzaliwa kwake.

Alitoka katika familia maskini sana akawa mpishi mashuhuri kuliko wote wa Ulaya katika enzi yake. Aliwapikia mwanadiplomasia Talleyrand, Tsar Alexander I wa Urusi, mfalme George IV wa Uingereza alipokuwa bado mtawala wa muda, na benki tajiri James de Rothschild. Anakumbukwa hasa kwa mambo matatu: mapambo makubwa ya sukari yaliyowekwa juu ya meza za karamu, mpangilio wake wa sosi za Kifaransa, na vitabu vyake vilivyoufanya upishi uwe elimu inayoweza kuandikwa na kufundishwa.

Utoto

Carême alizaliwa Paris katika familia yenye watoto wengi. Baba yake alikuwa kibarua wa ujenzi, na familia iliishi katika kibanda karibu na eneo la ujenzi upande wa kusini wa mto Seine. Idadi kamili ya ndugu zake inatajwa kwa namna mbalimbali, lakini masimulizi yote yanakubaliana kwamba chakula hakikuwatosha.

Utoto wake uliangukia miaka ya Mapinduzi ya Ufaransa. Bei ya mkate ilipanda, kazi za ujenzi zikapungua, na watu wengi wa tabaka la chini mjini Paris wakakosa riziki. Akiwa na umri wa miaka kati ya 8 na 10 aliachwa na baba yake mtaani ajitafutie maisha. Kadiri ya masimulizi aliyoyaacha Carême mwenyewe, baba yake alimlisha kwanza, kisha akamwambia aende akatafute nyumba njema ya kumpokea. Hakuna ushahidi kwamba aliiona tena familia yake baada ya hapo.

Mtoto huyo alipokewa na mwenye mgahawa wa hali ya chini. Alifanya kazi za kufua, kusugua sufuria, kubeba maji na kuchochea moto, na malipo yake yalikuwa chakula na mahali pa kulala. Alikaa huko kwa miaka kadhaa.

Uanagenzi kwa Bailly

Mwaka 1798 Carême aliingia uanagenzi kwa Sylvain Bailly, mwokaji wa keki aliyekuwa na duka katika mtaa wa Vivienne, karibu na Palais-Royal. Eneo hilo lilikuwa kitovu cha starehe za Paris: lilikuwa na maduka, kumbi za michezo na migahawa, na wateja wake walikuwa wenye fedha na wenye vyeo. Bidhaa iliyopangwa vizuri katika dirisha la duka ilionekana na watu wengi kila siku.

Bailly alitambua mapema kipaji cha kijana huyo. Alimruhusu kutoka kazini nyakati maalumu za juma ili aende Maktaba ya Taifa, iliyokuwa umbali mfupi kutoka dukani. Huko Carême, ambaye elimu aliyokuwa nayo aliipata kwa juhudi zake mwenyewe, alikaa kwa saa nyingi katika chumba cha michoro. Alitazama vitabu vya usanifu majengo, vikiwemo vya Palladio na Vignola, pamoja na michoro ya mahekalu ya Ugiriki na Roma, piramidi za Misri, na majengo ya Uchina na Uhindi. Alinakili aliyoyaona, kisha usiku akayarudia kwa unga na sukari.

Hivyo alijifunza mambo mawili kwa pamoja. Jikoni alijifunza namna ya kukanda, kuchemsha na kuoka. Maktabani alijifunza uwiano: jinsi nguzo inavyobeba paa, jinsi kuba linavyosimama, na jinsi jengo zito linavyoweza kuonekana jepesi. Kazi zake zote za baadaye zilitokana na kuunganisha elimu hizo mbili.

Bailly alianza kuyaweka mapambo ya mwanagenzi wake dirishani, na wapita njia wakasimama kuyatazama. Baada ya miaka michache Carême alihamia kwa mwokaji mwingine aliyeitwa Gendron, ambaye alikubali achukue pia kazi za karamu kubwa nje ya duka. Baadaye alifungua duka lake mwenyewe katika mtaa wa de la Paix, akaliendesha hadi mwaka 1813.

Majengo ya sukari

Mapambo yaliyompa Carême jina la kwanza yanaitwa kwa Kifaransa pièces montées, yaani vipande vilivyojengwa vikapandishwa kimoja juu ya kingine. Yaliwekwa katikati ya meza ya karamu, na mengine yalizidi urefu wa mita moja. Yalichukua sura ya mahekalu, magofu, minara, madaraja, chemchemi, maporomoko ya maji, vinu vya upepo na vibanda vya watawa. Mengine yalifanana na vyombo vya muziki, kofia za askari au silaha zilizofungwa pamoja kama ishara ya ushindi.

Mapambo ya namna hii hayakuanza na Carême. Tangu Zama za Kati jikoni za watawala wa Ulaya zilitengeneza sanamu za sukari, na wakati huo sukari ilikuwa ghali kiasi kwamba kuionyesha tu mezani kulikuwa tangazo la utajiri. Alichoongeza Carême ni nidhamu ya msanifu majengo. Alichora ramani ya kila pambo kabla ya kulijenga, akapima sehemu zake, na akasisitiza kwamba umbo zuri lina thamani kuliko wingi wa vitu vilivyorundikwa.

Vifaa vyake vilikuwa vichache, lakini kila kimoja kilikuwa na tabia yake:

- Donge la sukari na gundi. Sukari iliyosagwa laini ilichanganywa na maji na gundi ya tragakanthi, itokanayo na vichaka vya jenasi Astragalus. Donge hilo lilikandwa, likasukumwa kama chapati hadi likawa jembamba sana, kisha likakatwa kwa kisu au kubanwa katika kalibu. Likikauka huwa gumu na jeupe kama kauri. Lilifaa kwa nguzo, kuta na maua.
- Marzipani. Ni mchanganyiko wa lozi zilizotwangwa na sukari. Hubaki laini kwa muda mrefu, hupokea rangi vizuri na huliwa kwa urahisi. Ulitumika kufinyanga matunda, majani na vitu vidogo.
- Nugati. Lozi zilichanganywa na sukari iliyoyeyushwa hadi ikawa ya kahawia. Ilipaswa kufanyiwa kazi ingali ya moto, kwa sababu ikipoa haikunjiki tena. Ilitumika kwa misingi na sehemu zinazobeba uzito.
- Sukari ya nyuzi. Sukari ilichemshwa hadi karibu nyuzi 150 za selsiasi, kisha ikavutwa kwa uma au kijiko ikawa nyuzi nyembamba kama za buibui. Ndiyo iliyoiga maji ya chemchemi na manyoya ya ndege.
- Ute wa mayai uliopigwa na sukari. Uliokwa polepole ukawa mkavu na mwepesi, au ukatumika mbichi kama gundi ya kuunganishia vipande.

Rangi walizotumia waokaji wa wakati huo zilitoka kwa kawaida katika mimea na wadudu. Zafarani ilitoa manjano, maji ya mchicha yalitoa kijani, na wadudu wa kochinili walitoa nyekundu.

Adui mkubwa wa kazi hiyo alikuwa unyevunyevu. Sukari hufyonza maji kutoka hewani. Siku ya mvua nyuzi zililegea na kuta zilianza kuinama kabla ya wageni kuketi. Kwa hiyo sehemu nyingi zilitengenezwa siku kadhaa mapema na kukaushwa mahali pakavu, lakini sukari ya nyuzi iliachwa hadi saa za mwisho.

Kwa nadharia karibu kila kitu katika mapambo hayo kililika. Kwa vitendo, donge lililokauka lilikuwa gumu mno, na wageni waliyatazama zaidi kuliko kuyala. Kazi ya siku nyingi iliharibika au ilivunjwa baada ya usiku mmoja. Hakuna hata pambo moja la Carême lililobaki hadi leo. Yanajulikana kutokana na michoro aliyoichora na kuichapisha mwenyewe.

Sukari wakati wa Napoleon

Kazi ya Carême ilitegemea bidhaa ambayo upatikanaji wake ulivurugwa na siasa. Kabla ya Mapinduzi, Ufaransa ilipata sukari nyingi kutoka koloni lake la Saint-Domingue katika Bahari ya Karibi. Mashamba ya miwa ya huko yalilimwa na Waafrika waliotekwa na kufanywa watumwa, na vifo vyao vilikuwa vingi kiasi kwamba wamiliki waliendelea kuleta mateka wapya kila mwaka.

Mwaka 1791 watumwa hao waliasi. Baada ya vita vya zaidi ya miaka 12, nchi yao ilijitangaza huru tarehe 1 Januari 1804 kwa jina la Haiti. Ufaransa ilipoteza chanzo chake kikuu cha sukari. Vita dhidi ya Uingereza, iliyotawala bahari, vilizidisha uhaba huo, hasa baada ya Napoleon kupiga marufuku biashara ya Uingereza katika bara la Ulaya mwaka 1806.

Serikali ya Napoleon ilihimiza kilimo cha viazisukari, na mwaka 1812 Benjamin Delessert alifanikiwa kutoa sukari safi kutokana na mmea huo katika kiwanda chake cha Passy, karibu na Paris. Mahekalu meupe ya Carême yalijengwa katika miaka hiyohiyo ya uhaba. Ni matajiri na watawala tu walioweza kugharamia sukari nyingi kiasi hicho kwa ajili ya pambo la usiku mmoja.

Kazi kwa Talleyrand

Miongoni mwa wateja wa duka la Bailly alikuwemo Charles-Maurice de Talleyrand, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa. Talleyrand aliamini kwamba meza nzuri ni chombo cha diplomasia. Napoleon, ambaye mwenyewe alikula haraka na bila kujali sana, alimwachia jukumu la kuwakaribisha mabalozi na wageni wa dola. Mwaka 1803 Talleyrand alinunua jumba la Valençay, akisaidiwa na Napoleon, ili liwe mahali pa kuwapokea wageni hao.

Carême alianza kwa Talleyrand kama mwokaji wa keki, akishirikiana na Boucher na Avice. Inasimuliwa kwamba Talleyrand alimpa jaribio la kutunga orodha ya vyakula vya mwaka mzima bila kurudia sahani, kwa kutumia mazao ya msimu pekee. Katika karamu kubwa za enzi ya Napoleon alijifunza pia upishi wa nyama, samaki na sosi. Mwalimu aliyemheshimu kuliko wote alikuwa Laguipière, mpishi wa jenerali Murat, aliyefariki wakati jeshi la Napoleon liliporudi nyuma kutoka Moscow mwaka 1812.

Mwaka 1808 Carême alimwoa Henriette Sophy Mahy de Chitenay. Alikuwa pia na binti aliyeitwa Marie.

Kupikia wafalme

Majeshi yaliyomshinda Napoleon yaliingia Paris mwaka 1814, na Tsar Alexander I wa Urusi akafikia katika nyumba ya Talleyrand. Carême ndiye aliyempikia. Mwaka uliofuata alisimamia tena chakula cha Tsar, ikiwa ni pamoja na karamu za uwanda wa Vertus katika jimbo la Champagne, ambako jeshi la Urusi lilifanya gwaride kubwa.

Mwaka 1816 alikubali mwaliko wa kwenda Uingereza kuwa mpishi wa mwana wa mfalme George, aliyetawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa na ambaye baadaye akawa mfalme George IV. Alifanya kazi London na katika jumba la kifalme la Brighton, lililokuwa likijengwa upya kwa mtindo wa Kihindi. Jiko lake lilikuwa miongoni mwa majiko ya kisasa kuliko yote ya wakati huo, lenye dari refu na madirisha ya juu ya kutolea joto.

Mwezi wa Januari 1817 iliandaliwa huko Brighton karamu ya heshima kwa Nicholas, mdogo wake Tsar. Orodha ya vyakula vya usiku huo imehifadhiwa, nayo ina sahani zaidi ya 100, pamoja na mapambo makubwa ya keki yenye sura za majengo. Hata hivyo Carême hakuizoea Uingereza. Hali ya hewa ilimdhuru, wapishi wenzake hawakumpenda, naye alikuwa na hamu ya kurudi nyumbani. Alirudi Paris kabla mwaka 1817 haujaisha.

Mwaka 1819 alisafiri hadi Saint Petersburg kwa nia ya kumtumikia Tsar, lakini hakukaa muda mrefu. Mji wenyewe ulimvutia kuliko jiko lake. Mwaka 1821 alichapisha michoro ya majengo aliyotamani yajengwe Saint Petersburg, na kuiweka wakfu kwa Alexander I. Kijana aliyenakili majengo ya wengine kwa sukari sasa alipendekeza ya kwake ya mawe, ingawa hayakujengwa. Alimpikia pia Lord Stewart, balozi wa Uingereza mjini Vienna.

Kuanzia 1823 hadi 1829 alikuwa mpishi wa James de Rothschild mjini Paris. Rothschild alikuwa tajiri mpya aliyetaka kukubaliwa na jamii ya juu ya Ufaransa, na meza ya Carême ilimsaidia sana. Waandishi, wanasiasa na wasanii waliitafuta nafasi katika meza hiyo. Mtunzi wa opera Gioachino Rossini alikuwa rafiki wa mpishi huyo. Mwandishi wa Ireland Lady Morgan, aliyealikwa mwaka 1829, alilikuta jina lake limeandikwa kwa sukari kwenye pambo la meza. Alielezea chakula hicho kwa kirefu katika kitabu chake kuhusu Ufaransa.

Maandishi

Carême alijua kwamba kazi ya mpishi hupotea ikishaliwa. Kwa sababu hiyo aliandika kila siku kumbukumbu ya alichopika, na akatumia kumbukumbu hizo katika vitabu vyake:

- Le Pâtissier royal parisien (1815), kuhusu uokaji wa keki na vitafunio, katika juzuu mbili
- Le Pâtissier pittoresque (1815), chenye michoro zaidi ya 100 ya mapambo ya meza
- Le Maître d'hôtel français (1822), kinacholinganisha upishi wa zamani na ule wa wakati wake, pamoja na orodha za vyakula vya karamu
- Le Cuisinier parisien (1828), hasa kuhusu vyakula baridi
- L'Art de la cuisine française au XIXe siècle (kuanzia 1833), kazi yake kubwa kuliko zote

Kitabu cha mwisho kilipangwa kuwa na juzuu tano. Carême aliweza kumaliza tatu. Mbili zilizobaki ziliandikwa na Plumerey, mpishi mwingine wa Paris, baada ya kifo chake.

Vitabu hivyo vilitofautiana na vingi vilivyovitangulia kwa sababu vilieleza hatua kwa hatua na kuonyesha kwa picha. Mwanagenzi aliyekuwa mbali na Paris aliweza kuona jinsi pambo linavyopaswa kusimama na kujaribu mwenyewe. Wapishi wengine wa enzi hiyo walificha siri zao ili wasipoteze kazi, lakini Carême alizichapa.

Mchango katika upishi

Carême alizipanga sosi za Kifaransa katika koo. Alitaja sosi nne za msingi, yaani espagnole, velouté, allemande na béchamel, na akaonyesha kwamba nyingine nyingi zinatokana na hizo kwa kuongeza viungo. Mpangilio huo ulirekebishwa baadaye na Auguste Escoffier, ambaye kitabu chake cha 1903 bado hutumika katika vyuo vya upishi.

Alipunguza matumizi ya viungo vikali na kuacha desturi ya kuchanganya nyama na samaki katika sahani moja. Alitaka ladha ya chakula chenyewe isikike. Katika uokaji aliboresha donge la matabaka, ambalo siagi hukunjwa ndani yake mara kadhaa hadi liumuke bila hamira. Vitafunio kama vol-au-vent na kitindamlo cha charlotte chenye krimu baridi huhusishwa na jina lake.

Kofia nyeupe ndefu ya wapishi nayo huhusishwa naye. Inasemekana aliiimarisha kofia laini ya zamani kwa kipande cha karatasi ngumu ndani yake, akiamini kwamba mpishi anapaswa kuonekana mtu mwenye afya na heshima.

Si mawazo yake yote yaliyodumu. Alitetea desturi ya Kifaransa ya kuweka sahani nyingi mezani kwa wakati mmoja, kwa kuwa ilifanya meza iwe maonyesho. Baada ya kifo chake desturi ya Kirusi, ya kuleta sahani moja baada ya nyingine zikiwa za moto, ilishinda. Mapambo makubwa yalipoteza nafasi yake katikati ya meza, yakabaki hasa katika harusi na sherehe za dola.

Ugonjwa na kifo

Majiko ya wakati wa Carême yalitumia mkaa. Mengi yalikuwa chini ya ardhi na hayakuwa na njia ya kutosha ya kutoa moshi. Wakati wa kupakua chakula madirisha yalifungwa ili upepo usipoze sahani, na wapishi wakaendelea kuvuta hewa yenye gesi ya mkaa huku wakikabili joto kali. Carême alieleza hali hiyo katika maandishi yake, akijua kwamba inafupisha maisha ya watu wa kazi yake.

Yeye mwenyewe aliishi katika hali hiyo tangu utotoni. Afya yake ilidhoofika katika miaka ya 1820, na alipoacha kazi kwa Rothschild alitumia nguvu zilizobaki kuandika. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kitandani alimsomea binti yake Marie maneno ya kuandika, kwa kuwa hakuweza tena kushika kalamu. Alifariki Paris tarehe 12 Januari 1833, kabla ya kutimiza miaka 50. Wanahistoria wengi huhusisha kifo chake na madhara ya moshi wa mkaa. Alizikwa katika makaburi ya Montmartre.

Urithi katika mapambo ya keki

Kati ya wanafunzi wake aliyejulikana zaidi ni Jules Gouffé (1807–1877), mtoto wa mwokaji wa Paris. Carême aliyaona mapambo ya kijana huyo katika dirisha la duka la baba yake na akamchukua afanye naye kazi, kama yeye mwenyewe alivyogunduliwa kupitia dirisha la Bailly. Mwaka 1873 Gouffé alichapisha kitabu kikubwa cha uokaji wa keki chenye picha.

Baadaye mapambo yalipungua ukubwa. Badala ya hekalu la kujaza meza, waokaji walianza kupamba keki moja kwa maua, majani, ndege na vipepeo. Kanuni zilibaki zilezile, kama inavyoonekana katika kipepeo wa sukari anayewekwa juu ya keki za harusi na za siku ya kuzaliwa.

Kipepeo huyo hutengenezwa kwa njia mbili za kawaida. Katika njia ya kwanza donge la sukari na gundi husukumwa hadi liwe jembamba kama karatasi. Mabawa hukatwa kwa kalibu, kisha hulazwa juu ya kadi iliyokunjwa katikati ili yakauke yakiwa yameinuka pande mbili kama ya kipepeo anayeruka. Katika njia ya pili mchoro wa mabawa huwekwa chini ya karatasi isiyonata. Mistari hufuatwa kwa aisingi nzito ya ute wa mayai na sukari, na nafasi za ndani hujazwa kwa aisingi nyepesi zaidi. Yakishakauka, mabawa hubanduliwa kwa uangalifu na kuunganishwa kwa mstari mmoja wa aisingi unaokuwa kiwiliwili. Huegemezwa juu ya pamba au sponji hadi yashike.

Katika njia zote mbili kazi hufanyika siku moja au zaidi kabla ya sherehe, na kipepeo huwekwa juu ya keki mwishoni kabisa. Akiwekwa mapema juu ya krimu yenye maji, au akitiwa ndani ya jokofu, hufyonza unyevu na mabawa yake huanguka. Ni tatizo lilelile lililowasumbua wapishi wa Talleyrand.

Maisha ya Carême yameandikwa na waandishi wengi. Wasifu unaojulikana sana kwa Kiingereza ni ule wa Ian Kelly uliochapishwa mwaka 2003 kwa jina Cooking for Kings. Mwaka 2025 tamthilia ya televisheni ya Kifaransa iitwayo Carême, iliyotungwa kwa kufuata maisha yake kwa uhuru mkubwa, ilianza kuonyeshwa.